Jina lako ndani ya kaye ya ugonjwa: Leta inaweza kulifanyia nini?

Wengi wenu munanijua kwa mambo ya mihogo na mahindi, leo natoka kidogo nje ya shamba. Kuna swali linalorudi mara nyingi kati yetu tangu habari za mpox zianze kuzunguka. Mbele ya hapo lilikuwa la kolera, na pia la Corona. Timu ya zoni ya afya inafika kwenyi parsele, inafungua kaye, inauliza: jina, umri, avenyu, numero ya telefone, nani unalala naye nyumba moja, nani ulikula naye juzi, ulitoka wapi wiki iliyopita. Leta iko na haki ya kuuliza hayo yote? Na kaye ikisha kufungwa, inaenda wapi?

Swali la kwanza jibu lake ni fupi: ndiyo, iko na haki, na ni vizuri iulize. La pili njo lenye kazi, na mimi nafikiri hatujalizungumza vya kutosha hapa Lubumbashi, hata kati yetu wenye lisanse, wakati mara nyingi ni sisi wenyewe tunaoshika biki. Munajua vile inaendaga: kampeni ya chanjo, hesabu ya nyumba, ufuatiliaji wa ugonjwa, wanatafuta vijana wanaojua kuandika vizuri, wanalipa kwa siku, na lisansie asiye na kazi hakatai.

Kabla ya sheria, twende kwanza Goma, juu kuna kisa kimoja cha kule kinachofundisha kuliko vifungu vyote nitakavyotaja chini.

Mwezi wa saba 2019, mchungaji mmoja alipanda bisi Butembo kuelekea Goma. Alikuwa mgonjwa. Wakati ule Ebola ilikuwa karibu mwaka mzima Kivu ya Kaskazini na Ituri, na kwenye barabara kulikuwa bariere za afya: abiria wanashuka, wananawa mikono, wanapimwa joto, wanaandika majina yao kwenye liste ya wasafiri, wanapanda tena. Bisi ilipita bariere moja, ikapita ya pili, ikapita nyingine. Tarehe 14 vipimo vikatoka: Ebola imeingia Goma, mji mkubwa, wenye uwanja wa ndege, unaogusana ukuta kwa ukuta na Gisenyi ya Rwanda. Wizara ya Afya ikatoa taarifa, na ndani yake kulikuwa mstari mmoja ambao mimi sijausahau mpaka leo. Ilisema kwamba kwenye kila bariere yule mgonjwa alijiandikisha kwa jina tofauti, na kwamba bila shaka alitaka kuficha yeye ni nani na hali yake ya afya.

Kwa bahati nzuri alijipeleka kwenye kituo cha afya Goma, akatambulika haraka. Dereva na abiria wengine 18 wakapatikana, wakaanza kupewa chanjo. Yeye mwenyewe hakupona.

Nakumbuka watu walivyomsema vibaya. Mtu wa Mungu, anadanganya namna gani? Mimi naangalia ile liste. Mtu mmoja ndani yake amekuwa watu watatu ao wanne, na hakuna hata mmoja kati yao anayeishi mahali popote. Ukimpa muganga liste ya namna hiyo aende kutafuta, atazunguka mji akiuliza watu ambao hawajazaliwa. Termometa inasoma mwili hata kama umekasirika. Kaye inasoma paka kile kinywa chako kinakubali kutoa.

Sasa juu ya nini mtu afiche jina, wakati ugonjwa unamuua yeye mwenyewe? Tuangalie miezi iliyotangulia. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, siku nne mbele ya uchaguzi, CENI ikasema Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na wengine, juu ya Ebola na juu ya usalama, watangoje mwezi wa tatu 2019. Rais akaapishwa mwezi wa kwanza. Jiweke mahali pa mtu wa Butembo: jina lako liko kwenye liste ya kura, Leta inasema ile liste haitumiki kwa sasa. Kesho yake Leta ile ile inakuja na liste nyingine, ya Ebola, na hii inasema ni ya haraka sana. Ongeza timu zilizokuwa zinafika na polisi ao askari wenye bunduki juu ya usalama wao, na usalama kweli haukuwepo: tarehe 19 mwezi wa nne 2019 daktari Mkameruni wa OMS, Richard Mouzoko, aliuawa ndani ya hospitali Butembo. Ongeza yale maneno ya "Ebola business", kwamba kila jina linaloandikwa ni pesa kwenye mfuko wa mtu. Katika hali ile, kuandika jina la bongo haikuwa ujinga. Ilikuwa namna ya kujikinga, mbaya, lakini yenye akili yake.

Kwa wasiojua kazi hii inafanyika namna gani: mgonjwa mmoja akithibitishwa, timu inakaa naye, ao na familia yake, inarudisha siku nyuma moja moja. Nani alimuosha, nani alimbeba, nani alipanda naye taksi, nani alimchoma sindano. Kila jina linaandikwa, na kila mwenye jina anatembelewa kwa siku 21, juu huo njo muda mrefu zaidi ambao Ebola inaweza kulala ndani ya mwili mbele ya kuonekana. Anapewa chanjo yeye, na wale wanaomzunguka yeye. Wakati ugonjwa ule ulitangazwa kuisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3.470, vifo 2.287, na majina ya watu waliofuatiliwa yalifika 250.000. Robo milioni! Fanyeni hesabu ya haraka: kila mgonjwa alivuta nyuma yake majina kama 70. Hakuna dawa iliyomaliza ile Ebola peke yake. Liste ilifanya kazi pamoja na chanjo, na chanjo isingejua mlango gani wa kugonga bila liste.

Kwa hiyo nikisikia mtu kwenye ukurasa huu anasema "tukatae kabisa kuandikwa", sikubaliani naye. Ukikataa, anayelipa ni jirani yako.

Turudi kwetu Haut-Katanga, ambako kolera inarudi kila mara upande wa Pweto, Kilwa, Kasenga, na ndani ya mji wenyewe. Karatasi inatembea hivi. Reko wa kartie ao muganga wa kituo cha afya anaandika. Inapanda kwenye ofisi ya zoni ya afya. Pale mtu anaiingiza kwenye kompyuta, mstari mmoja kwa mgonjwa mmoja. Toka hapo inaenda Divizioni ya Afya ya mkoa, mwisho Kinshasa. Hesabuni mikono. Kisha mujiulize kwenye kila mkono: huyu anahitaji jina?

Reko anahitaji, juu njo yeye atarudi kesho kuangalia kama umepata homa. Zoni ya afya inahitaji, juu njo inayopanga nani atembelewe na nani. Lakini mkoa? Mkoa unahitaji kujua Katuba kuna wagonjwa wangapi, Kenya wangapi, umri gani, wameanza tarehe gani, kisima gani. Kinshasa inahitaji hesabu zaidi, na jina pungufu zaidi. Jina linalopanda ngazi bila sababu ni kama mbolea inayotiririka mpaka mtoni: mmea haukuinywa, na kule chini inaharibu maji ya wengine.

Samahani, shamba halikosi kuingia. Na liniruhusu niseme lingine. Wakati kile kiwavi cha mahindi kilichotoka Amerika kilivamia mashamba yetu, kazi yetu wanafunzi ilikuwa kupita kwenye mistari na kuhesabu: kwenye mahindi mia, mangapi yameliwa? Hatukuhitaji jina la mama mwenye shamba kujua bilulu vinaelekea Kipushi ao Kasenga. Jina lake tulilihitaji paka siku ya kurudi kwake na ushauri. Na yule yule mama, akisikia liste ni ya mbegu ao ya angre, anajiandikisha mara mbili, jina la bwana wake na jina la baba yake. Akisikia liste ni ya ugonjwa, watoto wanasema mama alienda Kasumbalesa. Hajabadilika yeye. Amejifunza liste gani inaleta na liste gani inachukua.

Kuna habari ambazo hazina jina kabisa tangu mwanzo, na hizo nazo Leta inazitumia. Mwaka 2020, wakati Gombe ilifungwa Kinshasa, shirika la Flowminder lilichambua habari za simu za mtandao wa Vodacom Congo kuonyesha wenye mamlaka watu wanatembea kiasi gani kati ya komini na komini. Haikuwa "fulani alienda Limete saa tisa". Ilikuwa makundi: simu ngapi zilikuwa hapa jana, ngapi leo. Nikiwa na kuchagua, napenda hii kuliko kaye, mradi tu makundi yabaki makubwa. Kijijini ambako mnara mmoja unahudumia simu thelathini, kundi ni familia mbili, na hapo hata bila jina kila mtu anajua ni nani.

Lakini tusisahau mwaka ule ule wa 2020 njo RAM ilikuja, munaikumbuka: kila telefone iandikwe numero yake ya ndani, na uniti zinakatwa kwenye simu yako bila kukuuliza. Watu walilalamika, wabunge walilalamika, 2022 ikaisha. Haikuwa na uhusiano na afya hata kidogo. Ila kwa mama wa soko la Mzee, Leta ni moja. Anayemuuliza numero ya telefone juu ya Corona na anayemkata uniti, wote wanatoka mlango mmoja. Wizara ya Afya inalipa deni ambalo wizara nyingine ilikopa.

Sasa sheria. Nimesoma agronomia, sikusoma haki, lakini maandishi haya yako wazi na kila mtu anaweza kuyasoma.

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya ndani na siri ya mawasiliano yake. Vizuri. Kifungu cha 85 kinamruhusu Rais kutangaza hali ya dharura, na njo alivyofanya tarehe 24 mwezi wa tatu 2020 juu ya Corona. Kisha someni kifungu cha 61. Kinataja haki ambazo haziguswi hata wakati wa dharura: uhai, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, haki ya kujitetea, uhuru wa dini, na nyingine chache. Tafuteni ndani yake maisha ya ndani ya mtu. Haimo. Maana yake: siku ya dharura, siri yako inaweza kubanwa. Watu wengi niliozungumza nao hawakujua hilo, walifikiri Katiba imefunga mlango. Mlango uko nusu wazi, na waliouacha hivyo walikuwa na sababu, juu bila hivyo hakuna anayeweza kumtafuta abiria wa ile bisi ya Goma.

Kilichokosekana mwaka 2020 ni kitu kingine: sheria ya kila siku inayosema, ukisha kuingia kwa huo mlango, unatembea namna gani. Hatukuwa na sheria ya jumla ya kulinda habari za watu. Tulikuwa na vipande. Kifungu cha 73 cha sheria ya makosa kinaadhibu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa kazi yake, kama muganga. Sheria ya tarehe 14 mwezi wa saba 2008 inalinda watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Na kimataifa kulikuwa zile kanuni za afya za OMS za 2005, ambazo nchi yetu imekubali. Kifungu chake cha 45 kinasema habari za mtu zichukuliwe zile tu zinazohitajika, ziwe sahihi, zisitumike kwa jambo lisilopatana na lile lililozileta, na zisikae muda kupita kazi yake.

Ile Code du numérique, ordonansi-sheria nambari 23/010, ilikuja tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Miaka mitatu kamili nyuma ya Corona. Ndani yake habari za afya zinahesabiwa kati ya zile nyeti, lazima sababu ya kuzichukua ijulikane, muda wa kuzitunza uwe na kipimo, na kumewekwa mamlaka ya kulinda habari za watu. Kwa maandishi, tuko vizuri kuliko 2020. Kwa kaye inayoshikwa na reko pale Ruashi ao Kisanga, mimi sijaona bado mstari hata mmoja wa hiyo sheria ulioandikwa kwenye jalada lake.

Na hapa njo jambo linalonisumbua kuliko yote. Hali ya dharura ya 2020 ilikuwa na tarehe ya kufa. Ilirefushwa, ikarefushwa tena, lakini tarehe 21 mwezi wa saba ikaisha, kila mtu akajua imeisha, Rais akasema. Kaye haina tarehe ya kufa. Hapa Lubumbashi munakumbuka zile saa 48, tarehe 23 na 24 mwezi wa tatu, wakati gavana Jacques Kyabula alifunga mji juu ya watu wawili waliofika na ndege kutoka Kinshasa na kudhaniwa kuwa na ugonjwa. Saa 48 zilipita, maduka yakafunguliwa. Majina yaliyoandikwa miezi ile, uwanja wa ndege wa Luano, Kasumbalesa, kwenye barabara, nani alituambia yameisha?

Nitawapa mfano mmoja mdogo. Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi, nilipanda bisi kuelekea upande wa Likasi. Kwenye bariere moja, ambayo sitaitaja, kaye ilikuwa wazi juu ya meza, biki imefungwa kwa kamba. Kila abiria anaandika chini ya mwingine: jina, numero, unakoenda. Yaani wa kumi na tano anasoma wote kumi na wanne walio mbele yake. Dada mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja alianza kupigiwa simu usiku ule ule na mwanaume asiyemjua, anayejua jina lake na mji anaoenda. Hakufanyiwa kitu kibaya zaidi, namshukuru Mungu. Ila tuliporudi wiki iliyofuata nilimwona kwa macho yangu, kwenye bariere ile ile, akiandika numero nyingine. Dada mwema, msomi, haogopi Leta, hana siri yoyote. Kaye yenyewe njo ilimfundisha bongo.

Munaona sasa namna Butembo na Likasi zinaungana.

Wako wanaosema suluhisho ni rahisi: siku 21 zikiisha, choma karatasi zote. Nilikuwa karibu na mawazo hayo mpaka niliposoma kilichotokea 2021. Tarehe 7 mwezi wa pili Ebola ilitangazwa tena Kivu ya Kaskazini, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke ambaye bwana wake aliwahi kuugua Ebola akapona. Virusi vinaweza kubaki muda mrefu ndani ya mbegu za mwanaume aliyepona, hata akiwa na nguvu zake zote. Njo maana waliopona walikuwa na programu ya kufuatiliwa kwa miezi mingi, kupimwa, kushauriwa. Hiyo liste haiwezi kuchomwa siku ya 21. Lakini ni liste nzito sana: ikivuja, mtu aliyenusurika kifo anakosa nyumba ya kupanga, anakosa ndoa, wateja wanakimbia duka lake. Kwa hiyo majina ya abiria wa bisi ambao hawakuugua yaishe haraka, na majina ya waliopona yabaki, yafungwe kwa kufuli, funguo ziwe mbili ama tatu, na wenye funguo wajulikane. Liste mbili za ugonjwa mmoja zinaweza kuhitaji maisha tofauti, na amri moja ya "tunza" ao "choma" haitoshi.

Na je, raia anaweza kushinda kesi ya namna hii? Kwa majirani, imewahi kutokea. Mwezi wa pili 2015 Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye habari za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi. Nia ilikuwa kupanga dawa na huduma, hakuna aliyesema nia ni mbaya. Lakini liste ilipangwa kumuunganisha mtoto, mzazi wake na ugonjwa kwenye mstari mmoja. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu Nairobi. Mwezi wa kumi na mbili 2016 jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo lile lilivunja Katiba ya Kenya, na akawapa wenye mamlaka siku 45 kuyageuza majina yaliyokwisha kukusanywa yawe katika alama ambazo haziwezi kumtambulisha mtoto. Angalieni vizuri, mahakama haikukataza kuhesabu watoto ili wapate dawa. Ilikataza jina likae uchi pembeni ya ugonjwa.

Ile "kugeuza jina kuwa alama" haihitaji kompyuta kubwa. Sisi tunafanya hivyo kwenye majaribio ya shamba tangu mwaka wa kwanza: kila kipande cha udongo kina numero, na ufunguo wa numero uko kwenye karatasi moja, kwa mtu mmoja. Zoni ya afya inaweza kufanya vile vile. KT-014 inapanda mkoani na Kinshasa pamoja na umri na tarehe. Jina la KT-014 linabaki Katuba, kwa muganga mkuu wa kituo, ndani ya kabati.

Mbele ya kumaliza, maneno mawili ya kazi, moja kwa anayeandikwa, lingine kwa anayeandika.

Wewe unayeandikwa: toa jina lako la kweli na numero ya kweli. Lakini uliza mwenye kaye anatoka zoni gani, nani mkubwa wake, na muganga wa kituo chenu anamjua? Sema mambo yako pembeni, si mbele ya parsele nzima. Una haki ya kuomba hivyo, na shefu wa avenyu hana sababu ya kusimama pale kusikiliza ulilala na nani. Akikuuliza jambo lisilohusu ugonjwa, kabila, kanisa, ulimpigia nani kura, hapo unaweza kunyamaza. Waulize pia liste itatunzwa muda gani. Pengine hatajua. Lakini akiulizwa mara kumi kwa siku, jioni atamuuliza mkubwa wake.

Wewe mwenzangu lisansie unayeandika: kata kipande cha karatoni kinachofunika mistari ya juu, kila mtu aone paka wake. Ao andika wewe mwenyewe, na kaye igeukie kwako. Usiiache kwenye meza ya bariere unapoenda kula. Na tabia hii ya kupiga ukurasa picha na kuutuma kwa msimamizi kwenye WhatsApp, nimeiona zaidi ya mara moja, picha inabaki kwenye telefone yako, kwenye ya msimamizi, kwenye grupu yenye watu arobaini, na siku telefone inaibiwa Kenya sokoni, mwizi anatembea na wagonjwa wa kartie nzima. Kama hakuna njia nyingine, tuma kwa mtu mmoja, ngoja aseme imefika, kisha uifute mbele ya macho ya mwenye parsele. Inachukua sekunde tano.